Namna ya Kuandika Maelezo ya Zana za Programu kwa Ajili ya Mawakala wa Akili Bandia

Wakala wa akili bandia, yaani programu inayoendeshwa na modeli ya lugha na kutenda kazi kwa kuita zana (programu ndogo ndogo), kwa kawaida haoni msimbo wa zana unayompa. Kabla ya kuamua aiite au aiache, anachosoma hasa ni jina la zana, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na skima ya JSON, yaani muhtasari wa muundo wa data, inayotaja vigezo (taarifa ambazo zana hupewa inapoitwa). Ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, itifaki iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, na mpangilio wa API nyingine (njia ambazo programu hutumia kuwasiliana) za modeli kubwa za lugha haupishani nao sana. Mtengenezaji programu akikwama humwuliza mwenzake. Wakala mara nyingi hukisia, kisha hutenda kwa mujibu wa alichokisia. Kwa hiyo kila jambo ambalo ungemweleza mfanyakazi mpya kwa mdomo lazima liwe limeandikwa.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye zana iitwayo andika_rejesho. Jina hilo linafaa, kwa kuwa lina kitenzi na kitu kinachotendwa. Tatizo huanza pale maelezo yake yanapoishia kwenye maneno "Huandika rejesho la mkopo", ambayo hayaongezi chochote juu ya jina. Maelezo yanayotosha yangekuwa hivi:

"Huandika katika daftari la chama rejesho la mkopo ambalo fedha zake zimekwisha kupokelewa. Haihamishi fedha. Itumie pale tu unapokuwa na namba ya muamala iliyothibitishwa. Kama huna, ita kwanza tafuta_muamala. Ikiitwa tena kwa namba ileile ya muamala, haiandiki rejesho jipya, bali hurudisha kumbukumbu iliyopo. Kwa amana za akiba, tumia andika_akiba."

Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, ingawa ni fupi, kwa sababu inamzuia wakala kumwambia mwanachama kwamba fedha zimekatwa kwenye simu yake ilhali hakuna kilichokatwa. Ile ya tano inajibu swali litakalojitokeza mtandao unapokatika katikati ya kazi na wakala asijue kama ombi lake lilifika. Ya mwisho inatenganisha zana mbili zinazofanana, na kwa maoni yangu hakuna kasoro inayowapoteza mawakala zaidi ya zana mbili ambazo maelezo yake hayaonyeshi mpaka kati yake.

Kwenye vigezo, taja kipimo na muundo, kisha weka mfano. Kigezo cha kiasi kieleze kwamba ni shilingi nzima za Tanzania, bila mikato: 150000. Namba ya simu ianze na +255. Tarehe iandikwe 2025-03-04, maana 04/03/2025 ni tarehe nne Machi kwetu na ni tarehe tatu Aprili kwa Mmarekani. Saa zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mwanachama atakayeandika "nililipa saa nne asubuhi" anamaanisha 10:00, na skima isiyosema lolote inaacha mwanya wa kuandikwa 04:00. Eleza wazi: "Muda uwe katika mfumo wa saa 24, ukanda wa +03:00, mtumiaji akitaja saa za Kiswahili, zibadilishe kwanza." Pale ambapo thamani zinazokubalika ni chache, ziorodheshe ndani ya skima yenyewe.

Ujumbe wa makosa nao ni sehemu ya maelezo, japo wengi huusahau. "Kosa 400" halimfundishi wakala chochote, naye anaweza kurudia ombi lilelile. Andika badala yake: "Kiasi kimezidi salio la mkopo, ambalo ni 120000. Usirudie ombi, mweleze mwanachama na umwulize namna ya kushughulikia ziada." Makosa ya kupita, kama seva kutojibu, yaelezwe kuwa ni ya kupita, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena.

Usiyarefushe maelezo kupita haja. Katika mifumo mingi maelezo ya zana zote huingizwa kwenye muktadha wa modeli (maandishi yote inayoyasoma kabla ya kujibu) pamoja na kila ombi, na kila neno hugharimu tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma; Kiswahili, kwa modeli nyingi, hukatwa katika tokeni nyingi zaidi kuliko Kiingereza. Historia ya zana na maneno ya kuisifu yaondolewe. Wala usitegemee maneno kulinda fedha za watu: sentensi "usiite bila idhini ya mhasibu" ni ombi tu, na ruhusa yenyewe sharti ikaguliwe na seva.

Hatimaye yajaribu maelezo kwa maombi yaliyoandikwa jinsi wanachama wanavyoandika hasa, yakiwa na vifupisho na tarehe zisizokamilika, pamoja na maombi ambayo zana haipaswi kuitwa kabisa, kwa mfano "rejesho langu la mwezi ujao ni kiasi gani?" Soma kumbukumbu za miito uone ni kigezo gani kilijazwa kwa kukisia, kisha rekebisha sentensi moja na ujaribu upya. Maombi hayo yahifadhiwe pamoja na msimbo, yaendeshwe tena kila maelezo yanapoguswa na kila modeli inapobadilishwa.