Jinsi ya Kuandika Kichekesho Kisicho na Sauti kwa Ufundi wa Mtunzi wa Nyimbo

Jean Havez, Mmarekani aliyetunga nyimbo kwa miaka mingi kabla ya kuwaandikia wachekeshaji Harold Lloyd na Buster Keaton hadithi za filamu bubu, ni mwalimu mzuri kwa anayetaka kuchekesha bila sauti, nami ningekushauri uanze na wimbo wake uliovuma mwaka 1905, "Everybody Works But Father". Mama anafua nguo za watu, huku baba ameketi mbele ya moto kutwa nzima, akivuta kiko chake cha udongo. Ondoa muziki na maneno, nyumba hiyo bado utaiona na utacheka.

Basi tafuta hali moja ambayo mtazamaji ataielewa kwa macho tu. Ikikulazimu kuieleza kwa maandishi mengi kwenye skrini, iache utafute nyingine.

Kisha iwekee hali hiyo sharti, na hapa usiwe na haraka, kwa maana ndipo penye kazi yenyewe. Katika "Our Hospitality" ya mwaka 1923, ambayo Havez aliiandika pamoja na Clyde Bruckman na Joseph Mitchell, kijana anayeigizwa na Keaton anajikuta mgeni wa ukoo wenye uhasama wa miaka mingi na ukoo wake. Wenyeji wanataka kumuua, lakini heshima ya mgeni inawazuia kumgusa maadamu yumo ndani. Akishaijua siri hiyo, kijana hataki tena kuaga, na hatimaye anatoroka akiwa amevaa nguo za kike. Mlango wa nyumba ile unafanya kazi ya kiitikio: hadithi inaurudia mara kwa mara, na kila ukirudiwa lazima kuwe na jambo jipya, kama ubeti mpya unavyoleta habari mpya.

Andika mwanzo na mwisho kwanza, kama walivyozoea kufanya Keaton na waandishi wake. Katikati mtapajaza kwa kujadiliana.

Rasimu ikikamilika, waigizie watu bila kusema neno, ukiandika mahali wanapocheka. Filamu ya "Seven Chances" ya mwaka 1925, mwaka aliofariki Havez, ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji walicheka mawe machache yalipomfuata Keaton mteremkoni, naye akarudi kupiga picha upya, safari hii akiporomokewa na mawe mengi mno, makubwa kwa madogo.