Kuagiza gitaa la umeme la oda kupitia dila ukiwa Mbeya: hatua kwa hatua

Kamwene wanangu wa solo, ridhimu na besi, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu. Kila anayeniletea gitaa nimfanyie setapu siku hizi anamalizia na swali lilelile, "eti fundi, nikitaka la kutengenezewa kabisa naanzia wapi?", sasa naliandika hapa mara moja nisiwe narudia. Naongelea gitaa linaloundwa kwa vipimo vyako, sio lile la kuchukua ukutani dukani.

Kwanza ujue mchezo ulivyo. Zile karakana kubwa haziongei na wewe moja kwa moja. Fender Custom Shop wako Corona, California, wapo tangu 1987, wanapokea oda kupitia dila wao aliyeidhinishwa, yaani duka linalowauzia, na PRS (Paul Reed Smith) wa Maryland wana Private Stock, kitengo chao cha oda, nayo inapita kwa dila hivyohivyo. Wapo wanaouza wenyewe kwa mteja kama Kiesel, ila wengi ni dila. Maana yake ni kwamba wewe unamwambia dila, dila anajaza fomu, fomu inaenda kiwandani, na yule fundi anayekata mbao hajawahi kukuona ukipiga sebene wala hajui vidole vyako vikoje, anachokiona ni ile fomu basi. Ukiandika "shingo iwe nyembamba kiasi" atakupa nyembamba anayoijua yeye. Ukiandika namba, atakupa namba.

Hatua ya 1: Pima gitaa ambalo mkono wako tayari unalipenda

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye kazi yote. Tafuta gitaa unalolipiga bila kuchoka, liwe lako au la kanisani au la kuazima, hata kama ni la bei chee haijalishi. Chukua verenia, ile wanayotumia mafundi wa gereji, na rula ya chuma ya milimita. Legeza nyuzi hafu pima hivi:

- Skeli, yaani urefu wa uzi unaolia: kutoka ukingo wa nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) mpaka katikati ya freti ya 12, zidisha mara mbili. Ukipata kama mm 648 hiyo ni ile ya Fender, inchi 25.5. Ukipata kama 628 ni ya Gibson, inchi 24.75. PRS wako katikati, inchi 25.
- Upana wa nati. Mengi yanacheza mm 42 mpaka 43. Utaona kama tofauti ndogo, lakini kidole kinaijua.
- Unene wa shingo kwenye freti ya 1 na ya 12. Bana verenia kati ya freti na freti, sio juu ya chuma cha freti, utadanganyika.
- Uzito. Mizani ya duka la nafaka inatosha.

Kuna kijana wa kwaya alitoka Njombe na gitaa lake la mchina, akasisitiza anataka shingo nyembamba kama hii yake, yaani nyembamba, nyembamba. Tukabana verenia freti ya kwanza ikasoma mm 22.5. Hiyo ni shingo nene bana, nyingi za kisasa zinakaa karibu na 21. Kilichokuwa kinamfanya aione nyembamba ni mabega ya shingo, zile pande mbili zimelambwa kwa msasa zikawa laini kwa hiyo kiganja kinazunguka bila kukutana na kona. Angeagiza kwa mdomo angeletewa kitu kingine kabisa, tena cha dola elfu kadhaa. Kwenye fomu yake tukaandika 22.5 freti ya 1, 24 freti ya 12, umbo la C, mabega laini, na picha ya shingo ikikaa pembeni.

Hatua ya 2: Jaza speki zako ukifikiria unapopigia

Hapa usikopi gitaa la mtu wa yutubu. Fikiria jukwaa lako.

Pikapu, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Singo koili, zenye koili moja, zina ile sauti ya kung'aa inayokaa vizuri kwenye rumba na kwenye kwaya, nyuzi zinatengana kila moja unaisikia, lakini zinakamata mngurumo wa umeme na makanisa yetu mengi waya wa ethi ni wa kubahatisha, hafu kuna zile taa na jenereta nje, basi ukiacha kupiga tu spika inaunguruma mpaka mchungaji anageuka. Hambaka ilibuniwa Gibson mwaka 1955 na Seth Lover kwa tatizo hilohilo, koili mbili zinafuta mngurumo. Mimi nashauri watu wa huku waandike hambaka yenye swichi ya kuigawa koili, au zile singo koili za kimyakimya zisizounguruma. Gitaa la singo koili tupu liagize kama unajua unapigia wapi na umeme wa pale unaujua.

Freti ngapi na shingo inaunganaje. Kama kazi yako ni sebene unashinda juu ya freti ya 12 usiku kucha, kwa hiyo sehemu shingo inapokutana na bodi iandikwe ichongwe, isiwe kile kipande cha mraba kinachokuchoma kiganja. Freti 22 zinatosha wengi. Ukitaka 24 sawa, ila ujue pikapu ya shingoni inasogezwa kuelekea kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi, ili kupisha zile freti mbili, na sauti yake inabadilika, ile ya mviringo inapungua. Dila wengi hawakwambii hili mpaka uulize.

Mzingo wa fretibodi, yaani uso wa shingo wenye freti umepinda kiasi gani; namba ikiwa ndogo umepinda zaidi. Ule wa kizamani wa inchi 7.25 ni mtamu kwa kushika kodi za muziki lakini ukiushusha uzi chini hafu uubendi kule juu unakufa. Inchi 9.5 au 12 ndo salama.

Freti zenyewe ziwe stenlesi. Inaongeza bei lakini zinachelewa sana kulika, na huku kumpata fundi wa kubadilisha freti vizuri ni shughuli.

Briji. Ile ya kuelea yenye loki, Floyd Rose na ndugu zake, sikushauri. Uzi ukikatika katikati ya mkesha zile springi zinavuta na nyuzi zote zilizobaki zinatoka kwenye tyuni, sasa utafanyaje na kwaya imeshasimama? Chukua briji isiyocheza.

Mbao na hali ya hewa, hapa nisikilizeni wa nyanda za juu. Kiangazi chetu kuanzia Mei mpaka Oktoba ni baridi hafu ni kikavu, na masika inarudi unyevu wote. Mbao inanywea inavimba inanywea inavimba. Ikinywea, ncha za freti zinachomoza pembeni ya shingo zinakukwaruza mkono. Kwa hiyo kwenye shingo andika mbao ya mepo (maple) iliyookwa, maana kuokwa kunaifanya isinyonye unyevu sana, au mepo iliyokatwa kwa kusimamisha nyuzi za mti, yenye vyuma au fito za kaboni ndani. Gharama inapanda kidogo, wewe lipa. Na rangi: vanishi ya nitro inasifiwa sana ila ukilitoa gitaa kwenye baridi ya Makete ukaliingiza ghafla kwenye joto inapasuka vistari vistari. Wapo wanaovipenda hivyo vistari. Kama wewe hauvipendi chagua vanishi ya poli.

Kuhusu mpingo. Kuna watu wanapata wazo la kutuma mpingo wa kwetu ukatengeneze fretibodi huko. Wazo zuri sana lakini mpingo upo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; Dalbergia zote, jamii ya miti ambayo mpingo umo, ziliingizwa mwaka 2017. Ala zilizokwisha kamilika zililegezewa masharti 2019, lakini ubao mbichi wa kukatwa sio ala, unahitaji vibali vya huku na vya huko, na dila akisikia hivyo anakukimbia. Agiza eboni au rozwudi waliyonayo wenyewe.

Uzito: andika kikomo. "Isizidi kilo 3.5" ni sentensi fupi lakini itakuokoa bega. Ibada za kuchukua masaa manne mnazijua.

Hatua ya 3: Mpate dila anayeweza kukutumia

Kabla hujamwambia lolote la mbao muulize maswali mawili: wewe ni dila aliyeidhinishwa wa hiyo kampuni, na unaruhusiwa kusafirisha gitaa jipya mpaka Tanzania? Hilo la pili linashangaza watu, ila kampuni nyingine zinawagawia dila maeneo, unakuta wa Marekani haruhusiwi kutuma nje. Jina lake likague kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, sio kwenye tovuti yake yeye. Ukimkosa huko angalia Afrika Kusini, Uingereza au Dubai.

Hafu mpime kwa swali la kitaalamu. Mtumie zile namba zako na umwulize kipi hapo kinaweza kugombana. Dila mzuri atarudi na maswali, atakwambia mfano bodi ya mbao ya ashi na kikomo chako cha uzito itabidi tuchague mbao kwa mkono na inaongeza bei. Dila wa kukwepa atajibu "no problem" kwa kila kitu.

Hatua ya 4: Karatasi kwanza, hela baadaye

Omba karatasi ya speki iliyokamilika na proforma, yaani ankara ya awali. Isome ukiwa umeshika verenia na gitaa lako la mfano, mstari kwa mstari, na usione aibu kurudisha. Kwenye hiyo karatasi hakikisha yameandikwa haya: saizi ya nyuzi zitakazofungwa, kwa sababu nati inachongwa kwa saizi hiyo, so chagua zile unazozipata Dar bila kuhangaika, kumi mpaka arobaini na sita mfano (unene kwa elfu za inchi). Tyuni unayopiga, kama mnashusha nusu sema. Muda wa kusubiri, ambao kwa oda hizi ni miezi na kuna zinazopita mwaka. Na garantii: likija na kasoro nani analipa nauli ya kulirudisha? Hilo wengi wanalikuta mbele ya safari.

Advansi ipo, na ukishaitoa hesabu kwamba hairudi, kwa sababu gitaa la vipimo vyako hawezi kumuuzia kirahisi mtu mwingine. Mabadiliko yoyote baada ya hapo yaende kwa imeli, sio kwa simu. Malipo fanya TT, yaani kuhamisha hela akaunti kwa akaunti kupitia benki, jina la akaunti liwe la kampuni ileile iliyo kwenye proforma. Akikwambia mtumie binafsi mtu fulani, acha.

Hatua ya 5: Subiri

Omba picha shingo ikishachongwa kabla haijapakwa rangi. Wengine wanakubali, wengine hawana huo utaratibu. Basi, endelea na maisha.

Hatua ya 6: Forodha

Mtafute wakala wa forodha Dar kabla mzigo haujapanda ndege, usisubiri ufike ndo uanze kuulizia namba. Mtumie ankara, karatasi ya ndege na orodha ya vilivyomo ndani. Gitaa la umeme linaingia kwenye kifungu 9207 cha forodha, lile la kawaida lisilo la umeme ndo 9202, wasije wakachanganya. Mwambie akupigie hesabu yote mapema kwa maandishi, na ujue VAT ya 18% haipigwi kwenye bei ya gitaa peke yake, inapigwa kwenye bei ukijumlisha usafiri, bima na ushuru wenyewe. Mtu anaweka akiba ya gitaa hafu anakwama kwenye kulitoa, gitaa lipo airport na stoo inahesabu siku.

Ukimwambia dila akuandikie bei ndogo kwenye ankara ili ukwepe, kumbuka bima nayo inalipa kwa hiyo bei ndogo likivunjika.

Hatua ya 7: Kulipandisha Mbeya na kulifungua

Usiliweke kwenye buti la basi. Dar ni jasho, Ruaha Mbuyuni ni tanuri, ukimaliza Kitonga baridi inaanza, na Makambako usiku mnaijua wenyewe, yote hayo ndani ya safari moja. Kaa nalo juu, au kata tiketi ya ndege mpaka Songwe.

Ukifika nyumbani usilifungue. Najua hamu ilivyo, lakini liache kwenye kesi yake mpaka kesho yake lizoee hewa taratibu. Ukianza kufungua boksi washa video ya simu, usikate mpaka umeligeuza pande zote, hiyo ndo ushahidi wako kama kuna ufa. Kisha karatasi ya speki mezani, verenia mkononi, na unarudia vile vipimo vyote vya hatua ya kwanza. Namba ya gitaa ilingane na ya cheti. Piga kila freti kwa kila uzi usikilize mlio wa kukwaruza. Cheki harmoniki ya freti ya 12 na noti ya freti ya 12 kwa tyuna, zisomeke sawa. Nyuzi juu ya freti ya 12 zikiwa karibu mm 1.6 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene uko pazuri, ila gitaa lililotoka mbali kusogea kidogo ni kawaida, hiyo sio kasoro ya kumpigia dila kelele.

Trasi rodi, kile chuma cha ndani ya shingo cha kuinyoosha, usiiguse siku hiyo. Lipe wiki mbili za hewa ya huku kwanza, ndo uangalie shingo, na ukirekebisha ni robo mzunguko hafu unasubiri siku nzima. Kiangazi shingo inapenda kunyooka kupita kiasi, unalegeza. Mvua zikianza inapinda mbele, unakaza. Nunua haigromita ndogo, kipima unyevu wa hewa, uiweke ndani ya kesi, ikisoma kati ya asilimia 45 na 55 uko salama, ikishuka chini ya 40 mwezi wa tisa weka sponji yenye unyevu kwenye kikopo cha sabuni kilichotobolewa, uikamue sponji vizuri isidondoshe maji kwenye mbao.