Fundi ameacha jengo katikati: namna ya kuandaa madai ya mkataba wa ujenzi Zanzibar

Mwongozo huu unamhusu mwenye jengo aliyelipa sehemu ya fedha kisha kazi ikasimama. Fundi anayedai ujira wake anaweza kuufuata pia, kwa kuwa vielelezo vinavyohitajika ni vilevile.

Hatua ya kwanza: soma mkataba wote. Mikataba si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria yetu ni Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, na si Sura ya 345 ya Tanzania Bara, ambayo wengi huiacha humo wanaponakili mikataba ya mtandaoni. Tafuta kifungu cha usuluhishi. Kikiwapo, mahkama inaweza kulisimamisha shauri hadi mpitie huko kwanza.

Hatua ya pili: kusanya risiti, taarifa za benki na za miamala ya simu, na usifute ujumbe wowote, hata wa sauti.

Hatua ya tatu: pima kazi kabla fundi wa pili hajagusa chochote. Hapa ndipo madai mengi yanapoharibikia. Mwenye jengo, kwa kuhofia masika, humleta fundi mwingine haraka, ukuta ukapigwa plasta, na tangu hapo hakuna awezaye kuthibitisha kama nondo za nguzo zilikuwa za milimita 10 au 12, wala nani alijenga lipi. Mpe fundi wa awali taarifa ya maandishi ya siku na saa ya upimaji. Asipofika, upimaji uendelee mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, na kutofika kwake kuandikwe. Mwite mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa kupima kazi ya ujenzi na kukadiria gharama zake. Najua wengi hupendelea fundi mzoefu wa mtaani kwa unafuu wa gharama, lakini wakili wa upande wa pili atakapomuuliza amezifikiaje hesabu zake, uzoefu pekee hautamtosha. Ripoti itenganishe kazi iliyokamilika na thamani yake kwa bei za mkataba, kazi mbovu na gharama ya kuirekebisha, na vifaa vilivyobaki kiwanjani, hata mifuko ya saruji iliyokwisha kuganda. Picha za nyufa zipigwe futi ikiwa imeegemezwa ukutani, la sivyo ukubwa wake utabishaniwa. Ikiwa mvua haisubiri, ziba kinachoharibika tu na utunze risiti, kwani sheria haimfidii mtu hasara ambayo angeweza kuizuia kwa juhudi za kawaida.

Hatua ya nne: andika notisi ya madai, ukitaja kiasi, msingi wake na muda wa kujibu. Mimi siiamini notisi ya WhatsApp peke yake. Ipelekwe mkononi na nakala isainiwe. Usidai kurejeshewa fedha zote ulizolipa na papo hapo gharama yote ya kumalizia jengo, kwa sababu fidia hukusudiwa kukuweka pale ambapo ungekuwa lau mkataba ungetekelezwa, si zaidi ya hapo.

Hatua ya tano: fungua shauri katika mahkama yenye mamlaka kwa thamani ya madai yako, kabla ya ukomo wa muda wa kisheria. Polisi si wakusanyaji wa madeni ya mkataba, isipokuwa pana jinai kama udanganyifu. Asiye na uwezo aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Unguja au Pemba, au kwa msaidizi wa sheria wa karibu naye, ambaye atamsaidia kupanga vielelezo, ingawa kumsimamia mbele ya hakimu kunabaki kuwa kazi ya wakili.