Mgonjwa wa moyo au mapafu karudi nyumbani, mazoezi anaanzaje?

Mtu akirudi toka Muhimbili, iwe moyo iwe mapafu yaliyobaki na makovu ya TB, mtaa mzima unamwambia lala tu mzee usijichoshe, wanasema kwa upendo kabisa, ila miezi kitandani ndo inamaliza misuli ya miguu na misuli ikiisha hata kwenda chooni unahema.

Kwanza uliza kliniki, daktari au mtu wa fiziotherapia aseme uko tayari. Siku una homa, au miguu imevimba kuliko jana, usitoke.

Ukiruhusiwa anza kutembea sehemu tambarare dakika 5, kaa kwenye kibaraza cha mtu, kisha 5 nyingine. Baba yangu mdogo alianzia mlangoni mpaka kwenye mwembe na kurudi, wiki nzima hivyohivyo, na ilikuwa sawa kabisa. Ongeza dakika mojamoja, mbele ya safari ufike nusu saa siku 5 za wiki. Kuanza polepole, kumaliza polepole, usikatishe ghafla presha ikashuka ukaona kizunguzungu.

Kipimo ni mdomo wako. Uwe unahema kidogo lakini sentensi inaisha. Ukiweza kuimba kaza mwendo kidogo, ukitoa neno mojamoja punguza. Mapigo usiyategemee sana, dawa za moyo na presha kama atenolol zinayashusha.

Pumzi ikikata simama, inama kidogo ushike ukuta, vuta kwa pua ukihesabu 2, toa kwa mdomo ulioubana kama unapoza uji, hesabu 4. Mwenye pampu ya kuvuta dawa ya pumzi asiiache nyumbani!

Joto la Dar nalo lina kazi yake kwa moyo, toka saa 12 asubuhi kabla magari hayajajaza moshi barabarani. Coco Beach pazuri ila mchanga laini unachosha mno, pita pembeni penye lami. Daraja la Tanzanite lina upepo mzuri lakini ni kama kilomita 1 kwenda tu, na kurudi je? Lisubiri.

Uliyepasuliwa kifua, ndoo ya lita 10 ni kilo 10, mfupa haujaunga, waachie vijana wabebe mpaka daktari aseme, mara nyingi ni wiki 6 hadi 12.

Kifua kikibana, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho baridi likatoka, acha hapohapo, kaa chini, na kama kifua hakiachii ndani ya dakika chache usingoje kupambazuke, tafuteni usafiri muende hospitali.