Kutambua aina ya samaki wa kuuzwa kwa kipimo cha vinasaba

Samaki akishakatwa kichwa, kuchunwa ngozi na kufanywa minofu, hata mvuvi mzoefu huweza kukosea jina lake. Kipimo cha vinasaba husaidia, ingawa mara nyingi matokeo huharibikia sokoni, kabla sampuli haijafika maabara.

Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kutoka ndani ya mnofu, kwa kuwa juu yake huwa pamegusana na damu na utelezi wa samaki wengine waliopita kwenye meza hiyo hiyo. Tumia wembe na glavu mpya kwa kila samaki, kisha tumbukiza kipande kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95. Fomalini iepukwe, maana huharibu vinasaba. Namba ya sampuli iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kitakachokaa ndani ya kichupa, kwani ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi. Andika pia jina la samaki kama alivyolitaja muuzaji.

Kwa kawaida maabara hunakili kipande cha COI, jeni inayotofautiana kati ya spishi nyingi, chenye nukleotidi (herufi za vinasaba) zipatazo 650, kwa njia iliyopendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, kisha hukilinganisha na kumbukumbu za BOLD na GenBank, ambazo ni hazina za kimataifa za vinasaba. Kwa samaki wa kopo, omba maabara isome kipande kifupi zaidi cha jeni hiyo, kwa sababu joto la kiwandani hukatakata vinasaba.

Kusoma majibu ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Ulingano wa asilimia 99 hautoshi ikiwa spishi mbili zimefikia kiwango hicho, jambo linaloweza kutokea kwa jodari, ambao baadhi yao wamekaribiana mno kwa COI. Hapo taja jenasi tu, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, au omba sehemu nyingine ya vinasaba ipimwe. Sato naye ana mtego wake: jeni hii hurithiwa kwa mama pekee, kwa hiyo chotara wa spishi mbili atasomeka kama spishi ya mama yake. Tena, jina la soko kama ‘changu’ hubeba spishi kadhaa, hivyo orodhesha mapema zinazokubalika kwa jina hilo kabla ya kumtuhumu mtu kwa udanganyifu.

Nusu ya kila sampuli ibaki kwenye friza ikiwa imefungwa kwa lakiri, ili muuzaji akipinga majibu, maabara nyingine iweze kuipima upya.