Deki ya nyumba ya milimani: jinsi ninavyoijenga isinyanyuliwe na barafu

Kwetu Tanga ukitaja deki, mtu anakutafutia ndoo na tambara, maana deki tunayoijua ni ile ya kupigwa sakafuni. Huku Colorado, Marekani, deki ni baraza ya mbao iliyotokeza nje ya ukuta wa nyumba, haina paa, inalala juani na thelujini mwaka mzima. Nawaandikia mafundi wenzangu ambao mbao mnazijua tayari lakini mmejikuta kwenye kazi hii milimani kama nilivyojikuta mimi: msumeno naujua, baridi siijui.

Tanga nilifundishwa kumwogopa mchwa. Huku ninayoyaogopa ni maji. Yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na hayachagui pa kutanukia, iwe ni kwenye udongo, kwenye ufa wa ubao au nyuma ya ukuta wa mteja.

Tutumie mfano wa deki moja ya kawaida: futi 12 kutoka ukutani kwenda nje, futi 16 kuufuata ukuta.

Hatua ya 1: Pata namba mbili kabla ya kutaja bei

Piga simu ofisi ya ujenzi ya kaunti. Uliza ardhi huganda hadi kina gani, na theluji ya kiwanja hicho inahesabiwa uzito gani. Usibahatishe kwa kutazama deki ya jirani. Denver kina ni inchi 36, na ukipanda milimani kinazidi. Uzito wa theluji ndio unaobadilika zaidi: nyumba ya bondeni na nyumba iliyo juu ya barabara hiyohiyo hazilingani.

Majedwali ya deki kwenye IRC, kitabu cha kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi kinachotumika huku, toleo la 2021, yanaishia kwenye theluji ya pauni 70 kwa futi ya mraba. Ikizidi hapo, funga kitabu umtafute injinia, na ujira wake uutie kwenye bei tangu siku ya kwanza. Mteja atanung'unika. Mfanyie hesabu mbele yake: futi 12 mara 16 ni futi za mraba 192, zidisha kwa pauni 70, unapata pauni 13,440, zaidi ya tani 6. Ni kama Canter iliyopakia imeegeshwa juu ya deki yake, tena siku nyingi.

Ukiwa bado uwanjani, inua macho uangalie paa. Paa la bati linaloteremkia upande wa deki litamwaga theluji yake yote kwa kishindo, na hesabu za majedwali hazina kishindo hicho ndani yake. Ama viwekwe vizuizi vya theluji juu ya paa, au deki ihamie upande mwingine. Hapo mimi sibembelezani na mtu.

Omba kibali, kisha piga 811 siku chache kabla ya kuchimba ili waje kuweka alama palipopita nyaya na mabomba. Ni bure.

Hatua ya 2: Mashimo, na hapa usiharakishe

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa kibarua kwenye timu ya mtu. Tulichimba kina sawasawa kabisa, mkaguzi akapita, tukamwaga zege moja kwa moja shimoni bila kalibu. Mdomo wa shimo ulikuwa umemomonyoka, hivyo zege likapanuka kule juu kama uyoga. Mwezi Machi mwenye nyumba akapiga simu: mlango wa kutokea kwenye deki haufunguki. Nguzo ya katikati ilikuwa imepanda karibu inchi mbili.

Kina tulikuwa nacho, tatizo lilikuwa ubavuni. Udongo wenye unyevu ukiganda huvuta maji zaidi kutoka chini, barafu ikajijenga tabaka kwa tabaka na ardhi ikavimba kwenda juu. Ikikutana na zege lenye ubavu wa kukwaruza, inaling'ang'ania na kupanda nalo. Ikikuta uyoga, ndiyo imepata mpini.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Shimo linapita kina cha kuganda kwa inchi kadhaa. Chini kabisa napanua kitako, juu nasimamisha kalibu ya karatasi ngumu, ile ya bomba, ili ubavu utoke laini na wima. Natia nondo zinazotoka kitakoni hadi juu, kwa sababu barafu ikivuta shingo, zege lisilo na nondo linaweza kukatika likaachana na kitako chake. Kalibu isimame juu ya usawa wa ardhi inchi chache, na udongo wa kuzunguka uinamishwe ili maji yakimbie.

Upana wa kitako haukisiwi. Kwenye mfano wetu leja, yaani ubao unaofungwa kwenye ukuta, imebeba upande wa nyumba, na mhimili mmoja upo ukingoni juu ya nguzo tatu. Nguzo ya katikati inabeba nusu ya futi 12 mara futi 8, yaani futi za mraba 48. Weka pauni 70 za theluji na 10 za deki yenyewe: 48 mara 80 ni pauni 3,840. Udongo ukihesabiwa kubeba pauni 1,500 kwa futi ya mraba, unahitaji kitako cha futi za mraba 2.56 angalau. Duara la inchi 20 halitoshi. Mimi naweka la inchi 24, nalala usingizi.

Mkaguzi lazima aone mashimo matupu kabla ya zege. Asipokuja leo, ngoja.

Hatua ya 3: Zege kwenye baridi

Agiza zege lenye viputo vya hewa, lile linalotengenezwa kwa ajili ya kuganda na kuyeyuka. Usimwage juu ya udongo ulioganda. Usiku ukitabiriwa kushuka karibu na sifuri ya Selsiasi, funika kwa mablanketi ya zege na uyaache siku kadhaa, maana zege changa likiganda kabla ya kushika nguvu halirudi tena kuwa zege la maana. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba kazi hii naikataa, labda kwa nguzo za chuma zenye parafujo zinazozungushwa ardhini kwa mashine. Hizo hazisubiri kukauka, ila bei yake ni nyingine.

Hatua ya 4: Leja

Leja ni ule ubao unaofungwa kwenye mwili wa nyumba, na boriti za deki zinaning'inia kwake. Deki inapoanguka na watu, mara nyingi hapa ndipo pameachia.

Bandua ukuta wa nje uone ubao wa nyumba ulio nyuma. Uchome kwa bisibisi. Ikizama, pameoza, na kazi imekuwa nyingine. Mwite mwenye nyumba aje aone kwa macho yake. Kama ukuta umevikwa mawe, jambo la kawaida sana kwenye nyumba za milimani, usifunge leja juu ya mawe hayo hata siku moja. Weka mhimili wa pili karibu na nyumba, deki isimame kwa miguu yake yenyewe.

Palipo pazima, mpangilio ni kama vigae: kila cha juu kifunike cha chini. Kwanza ngozi ya kuzuia maji ukutani. Kisha leja. Kisha bati lililokunjwa, mgongo wake ukiingia nyuma ya karatasi ya kuzuia maji iliyo chini ya ukuta wa nje, na ulimi wake ukipita juu ya leja na kushuka mbele. Nimeona mafundi wakitegemea gundi ya silikoni badala ya bati. Silikoni ni ya kuongezea tu. Na bati lisiwe la alumini, kwa sababu dawa ya mbao ina shaba, na shaba huila alumini.

Funga kwa bolti au skrubu nene za nusu inchi, moja juu moja chini kwa zamu, nafasi kwa mujibu wa jedwali. Msumari haubebi leja. Ongeza vifungo vya kuzuia deki isivutike kutoka ukutani: viwili vya pauni 1,500, au vinne vya pauni 750. Chuma chote kiwe kimechovywa kwenye zinki ya moto au ni kile kisichopata kutu.

Jambo moja ambalo wateja hubishana nalo: sakafu ya deki naishusha hatua moja chini ya kizingiti cha mlango. Wanataka iwe sawasawa na sebule, kama kwenye picha. Theluji ikishajaa mlangoni na kuyeyukia ndani, picha hiyo haipendezi.

Hatua ya 5: Nguzo, mhimili na boriti

Nguzo ni sita kwa sita, mbao zilizotiwa dawa, zikikaa juu ya kikalio cha chuma ili mguu usilowe. Mhimili ukae juu ya nguzo, usibanwe ubavuni kwa bolti. Boriti kwa mzigo wetu natumia mbili kwa kumi kila inchi 12, mgongo uliopinda ukitazama juu. Vishikio vyake pigia misumari yake maalumu; skrubu za kawaida hukatika kwa uzito. Ukikata ubao wenye dawa, paka dawa kwenye kichwa ulichokata.

Hatua ya 6: Sakafu, reli, ngazi

Kompoziti (ubao wa kiwandani wa unga wa mbao na plastiki) au mbao, hilo ni la mteja. Jua la mwinuko huu ni kali na hukausha rangi haraka, kwa hiyo anayechagua mbao ajue atapaka mara kwa mara. Kompoziti hujivuta kwa baridi na kurefuka kwa joto: ukiifunga siku ya baridi acha mwanya mkubwa zaidi kwenye ncha, kama karatasi ya kiwanda inavyosema. Elekeza mbao upande ambao koleo la theluji litapita, koleo lifuate ubao bila kugonga vichwa vyake.

Deki iliyo juu ya inchi 30 kutoka ardhini ina reli, inchi 36 kwenda juu, mianya isiyopitisha mpira wa inchi 4. Kimo cha hatua ya ngazi kisizidi inchi 7 na robo tatu.

Usisahau moto. Ule wa nyika ulioitwa Marshall, tarehe 30 Desemba 2021, uliteketeza nyumba zaidi ya 1,000 katika kaunti ya Boulder, na kesho yake theluji ikaanguka. Cheche hupenda majani makavu yaliyokaa kwenye kona ya deki na nyumba. Chini ya deki mimi namwaga kokoto, na mteja namkataza kupanga kuni pale, ingawa wengi hupanga.

Halafu kuna simu ya mwaka wa pili: "Fundi, tumenunua beseni la maji moto, tuliweke wapi?" Likijaa maji na watu linaweza kufika pauni 4,000 au 5,000, na hilo hatukulihesabu popote hapo juu. Mwambie alishushe uwanjani, juu ya jamvi la zege, hadi injinia aje.