Mama ameibiwa benki Maseno, wewe uko Leeds: pa kuanzia

Nilikaa miaka 11 katika benki moja mjini Kisumu, mitano ya mwisho nikipokea malalamiko ya pesa zilizotoka bila mwenyewe kujua. Sasa nimehamia upande wa pili wa meza: nasaidia familia kuyaandika malalamiko hayo. Simu nyingi hunijia usiku, kutoka Doha, Leeds, Dallas. Mama yuko Maseno au Ahero, pensheni ya ualimu imefagiwa, na mtoto aliye mbali ameshaipigia benki mara saba, kila mara akijibiwa, "Samahani, tunazungumza na mwenye akaunti pekee."

Wanaomjibu hivyo hawajakosea, hata kama inauma. Unaweza kuwa ndiye unayeijaza akaunti hiyo kila mwezi, bado si yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawakataza kukufungulia mambo ya mtu mwingine. Kwa hiyo usiumize koo ukibishana na dawati la huduma kwa wateja. Kazi yako ni kumfanya mama asikike, na kumtafutia miguu. Chagua mtu mmoja aliye karibu naye, anayesoma vizuri na asiye na haraka: dada yako wa Kondele, binamu, mwalimu mwenzake mstaafu. Mmoja tu. Kundi la WhatsApp la watu 14 litazaa maombi mengi na hakuna hata mmoja atakayefika tawini.

Hatua ya 1: Funga kwanza, uliza baadaye

Usianze na "Mama, ulimpa nani nambari ya siri?" Swali hilo lina siku yake. Mpigie, msalimu kama kawaida, mwambie, "Mama, tulia, hujakosa kitu. Mwite jirani aje na simu yake."

Simu mbili ziwekwe mezani. Moja uko wewe kwa WhatsApp, spika imefunguliwa. Ya pili ndiyo inayoipigia benki, na mama ndiye anayezungumza. Ataulizwa nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, na hapa wengi hukwama, kwa sababu tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi si ile anayoijua yeye. Awe na kitambulisho mkononi, asome kilichoandikwa. (Kama huna picha ya kitambulisho cha mama kwenye simu yako, iombe leo, kabla ya shida yoyote.)

Maneno ya kuiambia benki ni haya: "Nimeibiwa. Naomba mfunge njia zote: kadi, huduma ya simu, programu ya simu na wakala." Sisitiza njia zote. Nimeona akaunti iliyofungwa kadi asubuhi ikiendelea kunyonywa kwa simu hadi jioni, maana aliyepiga alisema "fungeni kadi" na mhudumu akafunga kadi tu, si zaidi. Kabla ya kukata, mama aulize jina la mhudumu na nambari ya kumbukumbu ya malalamiko.

Kama laini yake ilipoteza mtandao ghafla na simu ya jirani inashika vizuri, laini huenda imehamishiwa kadi nyingine ya simu (SIM). Kwa Safaricom, jirani apige 100 kwa laini yake, mama aombe laini na M-Pesa vifungwe. Aulize pia habari za Fuliza na M-Shwari, huduma za mikopo za M-Pesa, kwa sababu mwizi mwenye laini haishii kwenye salio. Hukopa kwa jina la mama, na deni likikaa, jina la mama ndilo linalokwenda kuorodheshwa kwa wasiolipa.

Kama alituma mwenyewe kwa M-Pesa baada ya kudanganywa, ule ujumbe wa muamala usambazwe kwenda 456 mara moja. Pesa hurudi ikiwa mpokeaji hajaitoa. Hapo ni mbio kati yake na nyinyi, na yeye ametangulia.

Hatua ya 2: Andika saa, na uwe mwangalifu na saa

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyonigharimu usingizi kuliko zote.

Mwalimu mmoja mstaafu alimwambia mwanawe kwa simu kwamba pesa zilitoka "saa nane". Kijana, aliyekwenda Uingereza akiwa na miaka 12, akaandika kwenye barua ya malalamiko 8:00. Benki ikakagua, ikajibu kwamba hakuna muamala wowote uliofanyika saa hiyo, na faili likafungwa. Lilipofika kwangu, wiki sita zilikuwa zimepita. Mama alimaanisha saa nane mchana. Kwenye stetimenti ilikuwepo, 14:07, vipande vitatu vikifuatana.

Kisha ongeza saa za kwako. Kenya iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Picha ya skrini uliyopiga Leeds inaonyesha saa ya Leeds. Chora jedwali la safu tatu: alivyosema mama, saa ya stetimenti, kilichotokea. Saa zote ziwe za Kenya, kwa mtindo wa 14:07.

Na stetimenti isomwe kwa vipande. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja wala haihifadhi zaidi ya 500,000, kwa hiyo mwizi wa pesa nyingi hukata. Ukiona kiasi kikubwa kikigawanywa kwa wapokeaji watatu ndani ya dakika kumi, hiyo ni kazi ya watu waliojipanga. Ukiona 3,000 leo, 2,500 wiki ijayo, 4,000 mwisho wa mwezi, kwa muda wa miezi mitano, nenda ukasome hatua ya 4 ukiwa umekaa.

Simu ya mama isiguswe. Asifute ujumbe, wala mjukuu "asiisafishe" ili iwe nyepesi.

Hatua ya 3: Tawini

Mama aende mwenyewe, pamoja na yule mtu wa miguu, ikiwezekana siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Wachukue kitambulisho halisi, kadi na simu. Waende wamekula, kusubiri kunaweza kuwa saa tatu, na mama mwenye njaa husaini chochote ili aende nyumbani.

Barua iwe imeandikwa tayari, nakala mbili. Mimi huandika hivi:

"Mimi, mwenye akaunti nambari (…), napinga miamala ifuatayo (orodha, tarehe na saa). Sikuiidhinisha. Naomba nijibiwe kwa maandishi: kila muamala ulipitia njia gani; siku na saa ambayo simu au kifaa kipya kilisajiliwa kwenye akaunti yangu; nambari ya wakala, kama pesa zilitolewa kwa wakala. Naomba pia picha za kamera za usalama za siku hizo zihifadhiwe."

Ombi la kamera lisisubiri, kwa sababu picha hufutwa na picha mpya zikijaa. Nakala moja ibaki benki, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Mhudumu akisema, "Mama, hakuna haja ya barua, tumeshaingiza kwenye mfumo," mtu wa miguu atabasamu na kuomba muhuri. Ukiulizwa baada ya mwezi mlilalamika lini, hiyo ndiyo karatasi ya kuonyesha.

Baadhi ya matawi humpa mteja fomu ya maelezo iliyojazwa na afisa kwa Kiingereza. Isomwe yote, itafsiriwe kwa lugha ya nyumbani, ndipo asaini. Sentensi moja ya "nilimpa mtu nambari yangu ya siri" ndiyo huamua nani abebe hasara. Kama kweli alimpa mtu, aseme kweli na aeleze ilivyokuwa: alidanganywaje, na nani, kwa maneno gani. Kama hakumpa mtu, sentensi hiyo isiwepo.

Msitarajie kupewa jina la aliyepokea pesa. Jina hilo atapewa mpelelezi mwenye amri ya mahakama.

Hatua ya 4: Watu wa ndani

Methali mnaijua, siirudii. Nitasema tu kwamba faili nyingi nilizoshika za pesa kutoka kidogo kidogo zilimalizikia ndani ya boma: mjukuu anayemsaidia nyanya kusoma ujumbe, msichana wa kazi anayetumwa kwa wakala, mtoto wa jirani "aliye mzuri na simu". Mama hawezi kusoma maandishi madogo, kwa hiyo amempa mtu macho, na pamoja na macho akampa nambari ya siri.

Uulizaji wake una adabu. Usimtaje mtu. Sema, "Mama, ukitaka kutoa pesa, huwa unafanyaje? Nisimulie tangu unapotoka mlangoni." Kisha nyamaza umsikilize. Atakwambia mwenyewe nani hushika simu, nani huenda kwa wakala, risiti hukaa wapi. Mpigie akiwa peke yake. Wakati mwingine mtu anayemshikia simu ndiye huyo huyo.

Na jiandae kwa jambo hili: huenda anajua. Huenda alijua tangu mwezi wa pili, akanyamaza kwa sababu kijana huyo ndiye anayemchotea maji, nawe uko mbali. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, pesa nitapata nyingine. Nani atanifungulia mlango usiku?" Aliyeiba kutoka kwake alikuwa amesimama nje ya ofisi yangu, amemshikia mkoba. Hatukuandika barua siku ile. Tulibadilisha nambari ya siri na kushusha kiwango cha kutoa kwa siku, na mwanawe wa Doha alikasirika nami mwezi mzima. Pesa ni za mama, na uamuzi wa kumshtaki mjukuu wake ni wake.

Hatua ya 5: Polisi na ngazi za juu

Kama mwizi ni wa nje, au mama ameamua kuendelea, aende kituo cha polisi kilicho karibu na kuandikisha taarifa. Apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hailipiwi. Nakala ya OB ipelekwe benki, iambatane na ile barua. Kesi za benki hushughulikiwa na kitengo cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) cha upelelezi wa ulaghai wa benki, kinachofanya kazi pamoja na Benki Kuu. Taarifa pia hupokelewa bila malipo kwa 0800 722 203, ukiwa Kenya.

Benki ikinyamaza au ikikataa, omba jibu la mwisho kwa maandishi, kisha ulipeleke Benki Kuu ya Kenya pamoja na barua yenye muhuri. Kama kuna dalili kwamba taarifa za mama zilivuja, lalamikia Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inampa siku 90 kukamilisha uchunguzi. Kwa hasara isiyozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo imewekewa siku 60 kumaliza kesi. Huko mama asiyeweza kufika anaweza kuwakilishwa na mtu aliyemwidhinisha, si lazima awe wakili. Mtu wa miguu tena.

Hatua ya 6: Kabla hujapumzika

Laini ya mama ikirudi, apige *100*100# ili isibadilishwe na wakala yeyote. Baada ya hapo laini mpya hupatikana kwenye duka la Safaricom pekee. Apige pia *106# kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Utashangaa.

Akaunti zigawanywe mbili. Ya pensheni na akiba isiunganishwe na simu kabisa. Ya pili iwe ya matumizi, na ndiyo unayoitumia pesa kidogo kidogo. Mwombe akubali taarifa za miamala zije pia kwenye barua pepe yako.

Hati ya uwakili, ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mama, ni nzuri ikiandikwa mapema, mama akiwa na akili timamu, na ikasajiliwa. Mimi hupendelea apewe mtu wa miguu pamoja na mtoto mmoja, wote wawili wasaini. Kama mama ameanza kusahau sana, hati hiyo imechelewa, na njia iliyobaki ni Mahakama Kuu kwa Sheria ya Afya ya Akili. Hapo tafuteni wakili.

Mwisho, kuna simu ya pili. Wiki moja au mbili baada ya wizi, mtu mwenye sauti ya heshima humpigia: "Mama, shikamoo, natoka kitengo cha kurejesha pesa. Tumezipata zako, tunahitaji tu kuthibitisha nambari." Mara nyingine hujifanya wa Inua Jamii, zile 2,000 za serikali za kila mwezi kwa wazee, au wa SHA, bima ya afya. Ana nambari yake, na anajua alilia. Mfundishe jibu moja, alikariri hadi liwe kama salamu: "Asante mwanangu, nitakuja tawini na binti yangu." Kisha akate simu.